Usibamize Mlango

Jibini tumeipitisha kwenye mashine ya kusagia nyama mara tatu,
tatu, si mbili: Mama hasamehe chembechembe.
Kisha siagi, sukari, viini kumi vya mayai,
na kiazi kimoja cha kuchemsha, kilichopondwa,
ambacho wageni hawaambiwi.
"Kiazi ndicho kinachoishika," asema,
akinipa mwiko kama anayekabidhi funguo za nyumba.

Leo anatimiza sabini. Nje, theluji ya Machi
imegoma kuyeyuka chini ya mitufaha,
Grójec yote inanuka moshi wa makaa,
jikoni kwetu kunanukia ganda la limau.

Ute wa mayai niliupiga hadi ukasimama wenyewe,
nikauchanganya polepole, nikiupindua
kama ninayemfunika mtoto aliyelala.
Trei ikaingia ovenini.
Mama akasimama katikati ya sakafu, akatangaza sheria:
Saa moja. Hakuna kukimbia. Hakuna kufungua mchungulie.
Na mlango, jamani, mlango usibamizwe;
keki ya jibini ina moyo mwepesi,
ikishtuka, inazama.

Dakika ya kumi na mbili, gari likaingia uani.

Lesław.
Miaka mitatu.
Mara ya mwisho alitokea mlango huohuo
kwa kishindo kilichoangusha saa ya ukutani.
Hadi leo saa ile inachelewa. Hatujaitengeneza,
tukiitazama tunaongeza dakika saba kichwani.
Ugomvi ulikuwa wa bustani, ekari nne za matufaha:
yeye tuuze, mimi tusiuze,
na Baba ana siku tisa tu kaburini.

Sasa amesimama kizingitini, theluji mabegani,
kinywa tayari kimefunguka.
"Shhh," akasema Mama. "Keki iko ndani."

Nikamwona kaka yangu, mtu wa kilo mia na kumi,
akikishika kitasa kwa mikono miwili
na kuurudisha mlango mahali pake
kama mganga arudishaye mfupa.

Msidhani hatukugombana.
Tuligombana kwa kunong'ona,
na anayenong'ona hana budi kusogea.
"Ulinificha habari za benki."
"Hata Krismasi hukuja."
"Hukuniita."
"Ulibadilisha namba!"
Jaribu siku moja kumwita ndugu yako mwizi
kwa sauti ya kumbembelezea mtoto.
Neno halikai. Linateleza, linarudi kooni.
Alipofika kwenye "wewe tangu utotoni"
sauti ikamkwama, ukatoka mluzi,
nyuki ndani ya chupa,
na mkewe Danuta, viatu bado mkononi, akacheka kwa pua.
Basi. Nami nikashikwa.
Lesław akaiuma ngumi yake, mabega yanamtetemeka,
Mama anatutishia kwa kitambaa cha vyombo,
sisi wawili, watu wazima wenye mvi,
tumekaa sakafuni tukilia machozi bila sauti.

Saa ilipotimia tukazima oveni,
tukauegesha mlango wake kwa mwiko
ili keki ipoe taratibu.
Ilipasuka hata hivyo.
Ufa mmoja mrefu, kona hadi kona.

Mama akautazama. Sisi tukamtazama yeye.
"Hupasuka kila mwaka," akasema.
"Kelele hazihusiki kabisa.
Mlikuwa watoto wawili wenye viatu vya mbao na makoo ya jogoo.
Nilihitaji saa moja."

Akaunyunyizia ufa sukari ya unga, akakata.

Bustani hatujaiamua. Neno benki halikutajwa tena,
lakini lilikaa nasi mezani, likala vipande viwili.
Lesław alipoondoka usiku
kwenye trei yalibaki makombo,
hapakuwa na kitu cha kuzama.
Nikasimama jikoni nikisubiri kishindo,
nikasubiri,
mpaka ikabidi nitoke nje na tochi
kuhakikisha kama kweli amekwenda.